Mbegu Saba za Mngoje Mkwe

Bi Sikudhani alizikwa tarehe 6 Februari mwaka huu, baada ya sala ya alasiri. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake waliokaa chumba cha ndani cha nyumba yake ya Mtaa wa Narung'ombe, tumebanana kwenye mikeka, migongo ukutani, miguu tumeikunja kwa adabu ya msiba. Chumba kile nakijua kuliko wengi wa ukoo wake. Dirisha lake moja linatazama ua, na siku hizi ghorofa la jirani limeuziba ua huo jua tangu saa nne asubuhi, kwa hiyo tulikuwa tumewashiwa taa mchana. Ikapita chai ya tangawizi, likapita sinia la mihogo ya kuchemsha, na mazungumzo yakaenda kama yanavyokwenda matanga yote: kwanza sifa za marehemu, kisha maradhi yake, kisha yale ambayo mwenyewe asingependa yasemwe.

“Alikuwa na mkono mgumu kwa mbegu zake,” alisema mpwa wake mmoja, mwanamke mwenye sauti iliyozoea kuita wateja. “Ungemwomba herini za masikioni mwake angekupa. Kunde za kupanda, mpaka akuhoji kama hakimu.”

“Si ndiyo maana serikali ilimjia?” alidakia mwenzake. “Kuna mtu alimchongea.”

“Muhindi mwenye duka. Nani mwingine? Alikuwa anataka amwachie baraza la duka lake.”

Wakacheka kwa pua, kama watu wanaocheka msibani. Nikaweka kikombe changu chini. “Jayanti bhai hakumchongea mtu,” nilisema. “Aliyemponza Bi Sikudhani ni mimi.”

“Wewe, Bi Mwanaidi? Na utulivu wote huo?”

“Mimi. Jumanne ya tarehe 14 Septemba 1999, kabla ya adhuhuri.”

Wasichana wakatazamana. Wananijua kwa tarehe zangu na najua wananitania nikiwapa kisogo. Kabla sijaendelea, kisomo kikaanza chumba cha mbele, tukanyamaza wote, na waliponyanyuka kwenda kupakua wali nafasi ya maelezo ikawa imepita. Nilichokusudia kuwaeleza siku ile nakiandika hapa, maana Jayanti bhai naye hayupo wa kujitetea, na si haki mtu abebe mzigo wa mwenzake hata kaburini.

Mwaka ninaouzungumzia haukuanza Januari. Ulianza Jumatatu, Februari mosi 1999, nilipoingia darasa la elimu ya watu wazima katika shule moja ya msingi pale Gerezani, nikiwa na umri wa miaka ishirini na saba na sijui kuandika hata jina langu. Tulisoma saa kumi alasiri, watoto wakishatoka, kwenye madawati yao wenyewe, magoti yakigusa kidevu. Chumba kilinuka chaki na maganda ya machungwa, na nje ya dirisha mafundi wa karakana waligonga vyuma mpaka Mwalimu Stela akawa anasubiri nyundo itulie ndipo asome silabi. Alikuwa mwembamba, mkali, mdogo kwangu kwa miaka miwili, na mimi nilimwamkia shikamoo bila kuona haya, kwa sababu elimu ni umri. Mwezi wa tatu, tulipoanza kuunganisha maneno, alitupa kazi ambayo sijaiacha mpaka leo: kila siku sentensi moja, yenye tarehe, na iwe ya kweli. “Sitaki kuona ‘baba analima’,” alisema. “Wewe Mwanaidi, baba yako analima? Halimi. Basi usiandike.” Kabla ya hapo mwaka niliujua kwa Ramadhani na kwa masika tu, siku nyingine zote zilikuwa zimerundikana bila mpaka, na mtu akiniuliza jambo lilitokea lini nilijibu “zamani kidogo”. Nilipopata tarehe nikahisi nimepewa vyumba, na katika kila chumba naweza kuweka kitu na kukikuta nikirudi.

Nilichokuwa nacho cha kuandika kilikuwa soko. Mchana nilikuwa msaidizi wa Bi Sikudhani, ambaye wakati ule alikuwa amekwisha kupita miaka sitini na alikaa barazani kwa Jayanti bhai, muuza nafaka, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo, mahali ambapo mikokoteni inageuzia na wapagazi wanapumzikia. Mtu aliyezaliwa mjini kama mimi hudhani misimu ni mambo ya shamba. Si kweli. Misimu yote ya pwani hupita Kariakoo kwa miguu, mwenye macho ataiona. Daftari langu la mwaka ule bado ninalo. Tarehe 9 Machi niliandika kwamba maembe ya mwisho yameletwa na yana makovu. Tarehe 17 Mei: machungwa ya kwanza, bado kijani, yanakata ulimi. Tarehe 2 Agosti: mbaazi mbichi zimefika, wanawake wote wa mtaa wananunua nazi. Sikujua kwamba huko ni kutazama viumbe na kuandika habari zao. Nilidhani ninafanya kazi ya nyumbani ya Mwalimu Stela.

Bi Sikudhani hakuuza chakula, ingawa kwa mpita njia ilionekana hivyo. Mbele yake palikuwa na makopo ya maziwa ya unga, vibuyu na chupa, na ndani yake kunde, choroko, fiwi, mbaazi, njugu mawe, mtama, mbegu za mumunya na za bamia, zote zimechanganywa na majivu ili fukusi wasizitoboe. Aina arobaini na moja, na kila moja aliijua kwa kuigusa tu. Aliyekuja kununua alihojiwa kwanza: shamba lako liko wapi, maji yanasimama au yanapita, mwaka jana ulipanda nini, una mbuzi. Kisha alipimiwa kwa ukufi, kiasi kinachokaa kwenye kiganja kilichokunjwa kidogo, na hakuna aliyepata zaidi ya kufi tatu. Ilikuwa ni kanuni pia kwamba aliyepanda akavuna, akija mjini amletee Bi Sikudhani ukufi mmoja wa mbegu ileile, ili aina isizeeke koponi. Sijawahi kumsikia akimkumbusha mtu. Kunde zake zilikuwa na majina waliyozipa wanawake wenyewe. Ilikuwapo Tumechoka Kungoja, inayokomaa kwa miezi miwili. Ilikuwapo Macho ya Wifi, nyeusi kuzunguka kovu la pale punje iliposhikia ganda. Na ilikuwapo Mngoje Mkwe, ndogo, nyekundu iliyofifia, ngumu kama changarawe, ambayo watu walisema unaibandika jikoni mama mkwe anapotoka kwao Bagamoyo, na akifika na kuoga na kusali bado hukumkosea adabu, kwa maana bado haijaiva. Kwa ajili ya ugumu huo watu wa mjini, wenye mkaa wa kupima kwa kopo, walikuwa wameiacha. Lakini fukusi hawaiwezi, na jua la katikati ya msimu, lile linalokausha kunde nyingine zikiwa na maua, yenyewe hulivumilia.

Jumanne ya tarehe 8 Juni nilikuja na wazo langu. Nilikuwa nimepata kalamu ya wino wa bluu na karatasi ngumu, nikakata vipande, nikaandika cha kwanza na kukibandika kwa uji wa muhogo kwenye kopo la choroko. Niliandika aina, ilikotoka, ilivunwa lini, na ni ya kupandwa masika au vuli. Bi Sikudhani alikitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekaa kitandani. “Kinasema nini?” Nikamsomea. “Hayo yote nayajua,” alisema. Nikamjibu kwamba wateja hawayajui. Jayanti bhai alitoka dukani na miwani yake, akasoma kwa sauti, akasema mwandiko wangu unafaa benki. Hapo tena nani angenizuia? Mpaka mwisho wa Juni makopo yote arobaini na moja yalikuwa na karatasi, na nilikuwa nikivuka mtaa kusudi ili niyatazame kwa mbali. Sijapata kuvaa dhahabu iliyonipa fahari ile.

Siku ile ya Septemba alikuja bwana shamba. Ndivyo tulivyowaita maofisa wa kilimo, na huyu alikuwa kijana, rika langu hasa, shati limepigwa pasi, faili kwapani. Alikuwa amekwisha kupita mtaa ule mara nyingi bila kutugeukia. Kunde kwenye majivu si kitu cha kumsimamisha mtu Kariakoo. Safari hii alisimama. Akainama, akasoma kopo la kwanza, la pili, la tatu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Karibu kivulini.”

“Mwandiko mzuri huu. Nani kaandika?”

“Mimi,” nilisema, kabla Bi Sikudhani hajafungua mdomo. Mungu anisamehe, nilisema kwa furaha.

“Umeandika hapa: ya kupanda vuli, imetoka Mkuranga, imevunwa Julai. Kwa hiyo ni mbegu.”

“Ni chakula, baba,” alisema Bi Sikudhani. “Kunde. Hata wewe umezila jana au juzi.”

“Mama, chakula hakiandikwi msimu wa kupandwa.”

Jayanti bhai alitoka, mikono ina vumbi la dengu. “Bwana, huyu mama yuko hapa mimi sijaota ndevu. Hajauzia mtu kitu kibaya hata siku moja.”

“Sijasema kibaya, mzee. Nimesema hakijapimwa.” Akaeleza, na naomba msomaji amsikilize, maana sisi tulichelewa kumsikiliza. Kulikuwa na watu, alisema, waliokuwa wananunua mahindi ya kula, wanayapaka rangi yafanane na mbegu zilizotiwa dawa, kisha wanawauzia wakulima. Mtu analima eka mbili, anapanda, hauoti hata mmea wa kufungia mbuzi. Ndiyo maana imeamriwa mbegu ya kuuza iwe imepimwa, iwe kwenye mfuko uliofungwa, na muuzaji aandikishwe.

“Waliofanya hivyo walaaniwe,” alisema Bi Sikudhani. “Sasa mimi nimepaka nini? Majivu?”

“Hilo ndilo tatizo, mama. Sheria haina jicho la kukutofautisha nao.”

Akafungua faili, akaandika orodha. Aina arobaini na moja alizinakili kutoka kwenye karatasi zangu, moja baada ya moja, kwa utulivu. Bila karatasi zile ingemchukua wiki nzima, na asingeweza kuitofautisha Macho ya Wifi na kunde ya bajia. Alipomaliza alisema Jumatatu ya tarehe 20 atakuja na gari, na kila mbegu iliyo kwenye orodha na iko sokoni itachukuliwa ikateketezwe. Mpaka hapo asiuze hata punje. Akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Nilingoja nitukanwe. Bi Sikudhani alifunika makopo yake kwa kanga, moja hadi la mwisho, akafunga kibwebwe, na akasema jambo moja tu: “Kalamu hiyo kesho iache nyumbani.” Nilirudi Gerezani nikapika ugali na mchicha wa nazi, ukaungua. Mume wangu, marehemu Shabani, alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana jirani na nyumba tuliyopanga vyumba viwili, na alikula ule mchicha hadi ukaisha. “Sasa umekosa nini?” aliuliza. “Umeandika uongo?”

“Nimeandika kweli tupu.”

“Basi.”

“Kweli hiyo ndiyo iliyomponza.”

Akainuka kunawa mikono. Nimekaa na swali lile miaka mingi. Leo naona kwamba Bi Sikudhani alikuwa akiishi katika nafasi nyembamba kati ya chakula na mbegu, mahali ambapo kila mtu alijua na hakuna aliyesema, na mimi, kwa herufi zangu za miezi saba, niliweka taa pale. Ningekuwa sijasoma nisingefanya kosa lile. Ningekuwa nimesoma zaidi pia nisingelifanya. Ni kosa la mtu aliye katikati ya ngazi.

Asubuhi ya pili nilifika mapema kuliko yeye, nikasimama mikono mitupu. Alipofika nikamwambia nizichane zile karatasi.

“Zako utazichana. Orodha yake je?” Akakaa, akachokonoa jino. “Yule kijana alisemaje? Nisiuze?”

“Usiuze hata punje.”

“Ulimsikia akisema nisigawe?”

“Hapana, bibi.”

“Sikiliza vizuri. Wewe ndiye mwenye masikio ya shule.”

“Hakusema.”

Basi habari zikaenda. Ziliondoka na wauza mihogo waliokuwa wanarudi Mkuranga na Kisarawe, zikavuka Magogoni na wanawake wa Kigamboni, na kuanzia Jumatano ile hadi Jumapili tarehe 19 baraza la Jayanti bhai lilijaa. Hapakuwa na vuli hata ya kunusa, ardhi bado ni jivu, lakini wote walijua kwamba wanapewa kitu cha kuhifadhi hadi mvua. Bi Sikudhani alihoji kama kawaida yake, hakupunguza hata swali moja, na kila mmoja aliondoka na aina moja au mbili zimefungwa kwenye pindo la kanga. “Hii ya bondeni, usiipeleke mchangani.” “Wewe una mbuzi, chukua mbaazi.” “Mama Chiku, ulipanda fiwi mwaka gani zikakufa? Safari hii nakupa mtama, tusitaabishane.” Mke wa Jayanti bhai alituma kachori na chatine kwa kila aliyekaa foleni, na mumewe akazunguka akilalamika kwa sauti kwamba katika maisha yake yote ya biashara hajaona siku chungu kama zile, mali inatoka mlangoni kwake na hakuna anayetoa hata senti. Wanawake wakamcheka. Alikuwa anataka wacheke.

Jumapili alasiri makopo yalikuwa na majivu matupu, isipokuwa moja. Mngoje Mkwe ilikataliwa na wote. Kwa kuwa miaka mingi hakuna aliyeipanda na kuirudisha, walikuta zimebaki mbegu saba tu, wakasema hazitoshi hata kuwalisha panzi. Bi Sikudhani alizipepeta majivu, akazihesabu kiganjani, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

“Hizi zako.”

“Bibi, mimi sina shamba.”

“Una mikono iliyoandika. Hiyohiyo ipande.”

Jumatatu gari lilikuja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bi Sikudhani, pindo la kanga yangu lina fundo, na ndani ya fundo mna aina nzima ya kunde ambayo, kwa kadiri tulivyojua, haikuwako mahali pengine popote. Bwana shamba alifunua makopo, akatia kidole kwenye majivu.

“Ziko wapi, mama?”

“Zimekwenda kupandwa.”

“Umeuza?”

“Uliza mtaa mzima.”

“Bwana,” alisema Jayanti bhai, “mimi shahidi. Hajapokea kitu. Nimeumwa tumbo kwa kutazama.”

Yule kijana alitazama makopo, akatazama dereva aliyekuwa akipiga honi kwa sababu ya mikokoteni. Kisha akakaa kwenye ukingo wa baraza. Jayanti bhai akamwagizia kahawa, wakaongea kwa sauti ya chini muda wa vikombe viwili, na hapo ndipo penye mzizi wa ule uvumi: watu waliona Muhindi na ofisa wakinywa kahawa pamoja, wakajaziliza wenyewe. Mimi nilikuwa karibu. Walikuwa wakizungumzia bei ya mabati. Alipoinuka, kijana alimwambia Bi Sikudhani, “Nimetumwa kuchukua mbegu zinazouzwa. Hapa nimekuta majivu,” akakunja orodha yake ndogo kabisa, akaiweka mfuko wa shati. Sikumwona tena. Huwa namwombea mema. Alikuwa na sababu ya kuja, na aliona sababu ya kuondoka.

Nilidhani kupanda ni kufukia. Bi Sikudhani alinikataza kugusa udongo mpaka mvua inyeshe mara mbili na kumbikumbi watoke. “Mara moja mvua inakutania,” alisema. “Mdudu hataniwi.” Kwa hiyo Oktoba ilipoingia, kila jioni nikitoka darasani, nilisimama uani nikitazama kama kumbikumbi wameizunguka taa ya karakana. Ua wenyewe ulikuwa wa mafuta machafu na vumbi la chuma. Shabani alinitafutia udongo mweusi kutoka kando ya bonde la Msimbazi, akanipa ndoo tatu zilizotoboka chini, akaniita “bwana shamba” mbele ya wenzake. Jumatano ya tarehe 20 Oktoba, baada ya mvua ya pili, kumbikumbi walitoka kwa maelfu, mafundi wakazima mashine kwa sababu waliingia hata kwenye miwani ya kuchomelea. Alhamisi asubuhi nilipanda.

Daftari langu la miezi iliyofuata halina habari ya soko hata moja. Jumatatu tarehe 25: zimeota nne, zimeinama kama watu wanaosali. Jumanne tarehe 26: ya tano. Mbili hazikuota kamwe. Ijumaa tarehe 29 nilisikia kunguru uani, nikatoka mbio na mwiko mkononi, nikamkuta mmoja amesimama ukingoni mwa ndoo akiivuta kunde yangu kwa mdomo, polepole, kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo, si kwa njaa, kwa kutaka kujua. Alikuwa amekwisha kung'oa moja kabla ya hiyo, na hiyo nayo sikuiwahi; zikabaki tatu. Nililia, mwanamke mzima, kwa ajili ya majani mawili. Shabani hakunicheka. Alirudi karakanani, na kabla ya magharibi alikuwa amechomelea tundu la nondo na wavu, kubwa kiasi cha kufunika ndoo zote tatu, lenye mlango na komeo. Sijawahi kupewa zawadi iliyofikiriwa zaidi. Sikuolewa tena baada yake, na watu wakiniuliza sababu huwa nawaambia kwamba mtu aliyewahi kutengenezewa komeo la kunde hawezi kuanza upya na mgeni.

Mwezi wa Novemba walikuja vidukari, weusi, wamejipanga kwenye shina kama ufuta kwenye mkate, na sisimizi wakawa wanawachunga. Nilimkimbilia Bi Sikudhani. Aliniambia nipake maji ya majivu asubuhi, jua halijawaka. Alisema hivyo bila kuniangalia. Tangu Septemba hakuniita mwanangu, na barazani, alikouza karanga za kukaanga ili siku ziende, hakuniruhusu kushika hata kopo tupu. Nilipaka majivu. Mche mmoja ukafa, miwili ikapona. Jumamosi ya tarehe 11 Desemba, siku za mwanzo za mfungo, nilitoka uani baada ya daku na sala nikakuta ua la kwanza, la zambarau iliyochanganyika na weupe, limefunguka mapema hivyo. Ilipofika adhuhuri lilikuwa limekwisha jifunga kama halikuwako. Mtu anayeamka saa tatu asingejua kunde inatoa maua. Nilikaa pale, kinywa kikavu, nikamtazama nyuki mkubwa mweusi, yule atoboaye mbao, akijaribu kuingia kwenye wavu, akazunguka, akapata njia yake kwenye tundu la komeo. Siku ile niliandika sentensi tano, na Mwalimu Stela hakukata hata moja.

Ramadhani ilipokaribia kumi la mwisho, wale wanawake wakaanza kurudi. Wa kwanza alikuwa Mama Chiku, ambaye kwa ukaidi wake alikuwa amebadilishana mtama wake na jirani, akaleta Tumechoka Kungoja, ukufi mmoja, mbegu zinang'aa. Wengine walifuata kila wiki, hadi masika, hadi mavuno ya mwaka uliofuata. Kati ya aina arobaini na moja zilirudi thelathini na nane. Tatu hazikurudi: choroko moja ya Kisarawe, mumunya wa shingo ndefu, na njugu mawe nyeupe. Majina yake nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa kila daftari nililonunua tangu hapo. Sisemi kwamba nimejisamehe, wala sisemi kwamba nalala vibaya. Nasema nayajua.

Jumatatu ya tarehe 10 Januari 2000, pilau la Idd limekwisha na watu wamerudi kazini, nilichuma maganda yangu: kumi na moja. Niliyapukuchua kwenye ungo, nikapata mbegu mia na ishirini na sita. Nikazianika siku tatu juu ya bati, tundu la Shabani likiwa juu yake, na Alhamisi nikazifunga kwenye leso safi, nikaenda Kariakoo. Njiani nilipanga maneno ya kusema. Nilikuwa na sentensi nzuri, zenye tarehe.

Bi Sikudhani alikuwa akiwakaangia karanga wapagazi wawili. Akamaliza, akawapa, akajifuta mikono. Nikafungua leso mbele yake na maneno yote yakanitoka kichwani. Hakuuliza ni ngapi. Alichota chache, akazisikiliza zikigongana kiganjani, akachagua moja, akaiweka kati ya meno yake ya nyuma na kuiuma kwa upande, macho ameyafumba. Jayanti bhai alisimama mlangoni, kopo la kupimia mkononi, hakumhudumia mteja wake. Bi Sikudhani akaitoa ile mbegu, akaitazama alama ya jino, akanionyesha.

“Unaona? Jino limezama. Bado zina maji. Ukizitia kwenye majivu leo, mwezi wa tatu zitanuka.” Akaifunga leso kwa fundo lake mwenyewe, lile la kukaza, akaniwekea mapajani. “Kaanike siku mbili, mwanangu. Kisha uje unisaidie kupepeta majivu.”